Pixel 8a yenye GrapheneOS: simu ya wakili inayojua kunyamaza

Mimi ni wakili wa kesi za jinai hapa Mombasa, na simu yangu imejaa maneno ya watu wengine. Kuna mama aliyenieleza kwa sauti ya WhatsApp mwanawe alikuwa wapi usiku wa tukio. Kuna kijana aliyenitumia picha za mgongo wake baada ya kutoka seli. Kuna rasimu za hati za kiapo, risiti za dhamana, na majina ya mashahidi ambao hawataki hata majirani wajue kwamba wameongea nami. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inanikataza kuyatoa hayo bila ridhaa ya mteja. Kwa hiyo nilipoingia dukani kutafuta simu, habari za kamera sikuziuliza. Nilitaka simu ambayo ikichukuliwa mkononi mwangu itabaki imefungwa mpaka mimi mwenyewe niamue kufungua kinywa.

Niliyonunua ni Google Pixel 8a iliyotumika, zile wanazoziita ex-UK, Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa KSh 41,000 baada ya kuvutana bei. Nikaondoa mfumo uliokuja nao, nikaweka GrapheneOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android hiyohiyo na usiolipiwa hata senti. Kuuweka kunafanyika kwenye kivinjari cha kompyuta kwa waya wa USB. Ukifuata maelekezo hatua kwa hatua humhitaji fundi.

Kabla sijaisifu simu, nizungumze kuhusu kidole, maana bila hapo mtu hataelewa kwa nini nimetumia pesa hizo.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 49, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na haki ya kutolazimishwa kukiri au kukubali jambo litakaloweza kutumiwa dhidi yake. Ibara ya 50(2)(l) inampa mshtakiwa haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inakwenda mbali zaidi: ungamo halikubaliki mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria ambaye si yeye anayeipeleleza kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Yote haya yanalinda kinywa. Nambari ya siri inakaa kichwani, na haitoki huko mpaka uitamke, uiandike au uibofye. Kwangu mimi hiyo ni kauli kama kauli nyingine, na anayeidai anadai niseme. Ila kidole kiko nje ya mwili. Mtu anaweza kukishika.

Nimeona kikishikwa. Kijana mmoja wa Kisauni, muuza viatu vya mtumba Kongowea, alikamatwa wakati wa maandamano ya Juni 2024. Nilipofika kituoni, vitu vyake vilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya meza: mshipi, kamba za viatu, noti mbili za mia, na simu iliyopasuka kioo pembeni. Hakuna aliyemuuliza nambari. Alivyonisimulia, afisa aliitoa simu kwenye bahasha, akaigeuza, akamwambia, "Weka kidole hapa." Akaweka. Ikafunguka papo hapo. Hakupigwa, hakutishwa, hakuulizwa swali hata moja, na kwa sababu hiyo hakujua kwamba kuna haki yoyote iliyoguswa. Nilipomuuliza kwa nini alikubali, alinijibu, "Madam, si ni kidole tu? Wangekichukua hata nikikataa." Kibali cha mahakama cha kuipekua simu hakikuwepo, ingawa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inamtaka afisa akaombe kibali mahakamani. Mazungumzo ya kundi lao la WhatsApp yalikuwa yameshapigwa chapa.

Ningekuwa na njia ya kumfundisha kijana yule jambo moja kabla ya siku hiyo, ningemwambia aondoe alama ya kidole kwenye simu yake.

Suala hili linawasumbua hata majaji wa nchi zenye kesi nyingi za aina hii kuliko sisi. Marekani, ambako Marekebisho ya Tano ya katiba yao yanamkinga mtu asiwe shahidi dhidi ya nafsi yake, Jaji John Paul Stevens aliandika mwaka 1988, katika maoni ya kupinga wenzake, kwamba mtu anaweza kulazimishwa kusalimisha ufunguo wa kasha lakini asilazimishwe kufichua tarakimu za kufungulia sefu ya ukutani. Maneno yale yamefuata kila kesi ya simu tangu wakati huo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya huko magharibi, katika kesi ya Payne, ilisema polisi kukichukua kidole gumba cha mtu na kukibonyeza kwenye simu yake ni sawa na kumtoa damu au kumchukua alama za vidole kituoni, hakuna kauli hapo. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., katika kesi ya Brown, ikasema kinyume: mshukiwa aliyeamriwa kufungua simu kwa gumba amewaambia polisi kwamba simu ni yake, kwamba anaimudu, na kwamba anajua namna ya kuifungua. Kuhusu nambari yenyewe majimbo nayo yamegawanyika. Pennsylvania mwaka 2019 na Indiana mwaka 2020 zilimlinda mshtakiwa. New Jersey mwaka 2020 na Illinois mwaka 2023 zikamwamuru aitoe. Mimi nimesimama na hoja ya Brown, na nitaendelea kuiomba mahakama yetu isimame hapo. Wino wa alama za vidole kituoni unathibitisha wewe ni nani. Kidole juu ya simu kinafungua kila ulichowahi kumwambia mkeo.

Basi turudi kwenye simu.

GrapheneOS inakuruhusu kutumia kidole kwa namna ambayo sijaikuta kwenye simu nyingine niliyowahi kumiliki: kidole kikishakubaliwa, simu bado inadai pini fupi. Kwa hiyo nafungua haraka nikiwa ndani ya matatu, lakini mtu akikishika kidole changu hafiki kokote. Ufunguo mkuu ni nenosiri refu, nalo ndilo linalodaiwa kila simu inapowashwa. Tarakimu za pini zinaweza kupangwa upya kila mara kwenye skrini, ili aliyekaa nyuma yako asisome mwendo wa vidole. Mwanzoni inachosha. Nimeizoea.

Kuna kitu kimoja ambacho kingenitosha kuinunua hata kama mengine yote yangekuwa ya kawaida, nacho ni saa ya kujiwasha upya. Simu iliyowashwa upya na ambayo haijafunguliwa bado ni tofauti kabisa na simu iliyofungwa skrini tu. Ukishaifungua mara moja asubuhi, funguo za kusimbua data, yaani za kuifanya isomeke, zinabaki kwenye kumbukumbu yake kutwa nzima, hata skrini ikizimwa, na hapo ndipo vifaa vya kuchokonoa simu kama vya kampuni ya Cellebrite hupata mwanya. Ikijizima na kujiwasha, funguo hizo zinaondoka. Pixel hii yenye GrapheneOS hujiwasha upya ikikaa saa 18 bila kufunguliwa. Hivyo ndivyo inavyokuja, na unaweza kubadilisha kuanzia dakika 10 hadi saa 72.

Sasa iweke saa hiyo kando ya Ibara ya 49(1)(f). Mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu akamatwe. Zikimalizikia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi, basi kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kila wakili wa jinai nchini anaijua kamatakamata ya Ijumaa. Unachukuliwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na wikendi nzima uko seli bila hakimu. Simu ya kawaida ya Android iliyopata masasisho ya mwaka 2025 hujiwasha upya baada ya siku tatu, na iPhone vivyo hivyo. Hesabu mwenyewe: siku tatu kutoka Ijumaa jioni ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni, mahakama imeshafungwa. Wikendi yote simu inakaa katika hali ile dhaifu, mikononi mwa watu wenye muda wa kutosha. Kwa saa 18, simu imejifunga Jumamosi saa sita mchana. Yangu nimeiweka saa 8, kwa hiyo itajifunga saa nane ya usiku uleule. Sijaona mpangilio mwingine wa simu unaoingiliana na katiba yetu kwa ukaribu namna hiyo, na nashangaa hakuna anayeutangaza.

Nyaraka za Cellebrite zilizovuja mwaka 2024 zilionyesha kwamba Pixel 6 na zilizofuata, zikiwa na GrapheneOS iliyosasishwa, hazikuwa zikifunguka kwa vifaa vyao bila mwenye simu kutoa nambari. Tundu la USB likishafungwa pamoja na skrini linapitisha umeme tu, halipitishi data. Kubahatisha pini nako kunadhibitiwa na chipu ya usalama iliyo ndani: ukishakosea mara 140, kila jaribio linalofuata linangoja siku nzima. Ndiyo maana pini ya tarakimu sita zilizochaguliwa bila mpangilio inatosha watu wengi, mradi isiwe mwaka uliozaliwa.

Wateja wangu nimewaweka kwenye wasifu wa pili. GrapheneOS inaruhusu wasifu kadhaa ndani ya simu moja, kila mmoja na funguo zake, na nikimaliza kazi jioni naufunga wasifu wa ofisi kabisa, funguo zake zikaondoka kwenye kumbukumbu. Upande wa nyumbani unabaki na picha za watoto, kundi la ukoo na redio. Mwenzangu wa ofisini anasema huku ni kujitesa. Mimi naona ni sawa na kufunga kabati la mafaili kabla ya kwenda nyumbani, kazi ambayo mawakili walioanza kabla yetu waliifanya kila siku bila kulalamika.

Kuna programu iitwayo Auditor inayokuja na mfumo huu. Unaioanisha na simu nyingine ya Android unayoiamini, kisha inakuambia kama mfumo wa simu yako ni uleule uliouweka au umechezewa. Mei 2025 watengenezaji filamu walikamatwa hapa Kenya na vifaa vyao vikachukuliwa. Viliporudishwa, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuta FlexiSPY, programu ya upelelezi, kwenye baadhi ya simu zao, ikiwa imewekwa wakati simu ziko mikononi mwa polisi. Tangu habari hizo zitoke nimewaambia wateja wangu wasiweke laini kwenye simu iliyotoka kituoni mpaka mtu anayejua ameiangalia. Auditor haimalizi kazi hiyo, kwa sababu programu ya kijasusi inaweza kukaa juu ya mfumo ulio salama, lakini ni pa kuanzia.

Kipengele ambacho vijana wanakipenda kuliko vyote mimi nimekiacha bila kukiwasha. Ni pini ya shinikizo: unaweka nambari ya pili, na yeyote akiiingiza popote simu inapodai nambari, kila kitu kinafutika hapo hapo, pamoja na laini za eSIM, na hakirudi. Najua kwa nini kinavutia. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakifanya kosa kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kitahitajika kama ushahidi, na ukitoa nambari ile mbele ya afisa umejitengenezea kesi mpya ambayo haikuwepo. Marekani, mwanaharakati mmoja wa Atlanta alishtakiwa mwaka 2025 akidaiwa kuifuta Pixel yake kabla maafisa hawajaipekua. Na liko la pili, linaloniuma zaidi. Mtu aliye peke yake chumbani na maafisa watatu, simu ikijifuta machoni pao, analindwa na nini? Kunyamaza ni haki iliyoandikwa, na wakili wako anaweza kuitetea kesho yake. Kuwapa nambari ya uongo kunakutoa kwenye haki hiyo na kukuweka mahali ambapo hata mimi sina la kusema kwa hakimu.

Kasoro zipo. Programu ya benki yangu ilikataa kufunguka kwenye mfumo huu, na huduma kwa wateja hawakuwa na jibu. Sasa natumia menyu ya USSD. M-Pesa ya menyu ya laini inafanya kazi bila shida. Kamera inayokuja na mfumo ni ya kawaida mno, ila ukiweka ile ya Google picha zinarudi kuwa nzuri. Google haiuzi Pixel rasmi Kenya, hivyo ikiharibika huna dhamana ya kukimbilia, na kioo chake hukipati kwa kila fundi. Masasisho ya usalama yameahidiwa hadi Mei 2031, na hilo kwangu lina uzito kuliko kioo. Ukienda kununua, usilipe kabla hujaingia kwenye mipangilio ya wasanidi na kuona kwamba kipengele cha OEM unlocking, kinachoruhusu kuweka mfumo mwingine, kinabonyezeka. Pixel nyingi zilizotoka Marekani zikiwa zimefungwa na Verizon hazikubali, na muuzaji atakuapia kwamba iko sawa.

Nisiwadanganye wanaosafiri. Simu hii haibebi Katiba ya Kenya ikivuka mpaka. Wapwani wengi tuna jamaa Uingereza, na huko sheria iitwayo RIPA ya mwaka 2000 inaruhusu mtu kupewa notisi ya kutoa nenosiri. Akikataa, kifungo ni hadi miaka miwili, na hadi mitano katika kesi za usalama wa taifa au za udhalilishaji wa watoto. Mahakama yao ya rufaa ilisema mwaka 2008 kwamba ufunguo wa data upo bila kutegemea hiari ya mshukiwa, kwa hiyo kuudai hakuvunji haki ya kutojitia hatiani. Siukubali uamuzi huo hata kidogo, kwa sababu kinachodaiwa kiko kichwani mwa mtu. Uwanja wa ndege ni pagumu zaidi: chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000 afisa anaweza kukuhoji kwa muda wa hadi saa sita bila hata kukushuku, na huna ruhusa ya kunyamaza. Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa CAGE, shirika linalotetea walioathiriwa na vita dhidi ya ugaidi, alikataa kutoa nambari zake Heathrow mwaka 2016 akisema amebeba siri za mtu aliyeteswa. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani, na mahakama kuu ikakataa rufaa yake mwaka 2018. Nikisafiri kwenda huko, Pixel hii inabaki Mombasa na mimi nabeba simu tupu.

Kwa mwandishi wa habari, wakili, daktari anayetibu waliopigwa, au mtu wa shirika la haki, simu hii naipa nyota nne na nusu, na nusu iliyobaki ni ya benki. Lakini kijana wa Kongowea hahitaji kutoa KSh 41,000. Ana Tecno yake, na Tecno hiyo inatosha kwa mengi. Ingia kwenye mipangilio, ondoa alama ya kidole na uso, weka tarakimu sita zisizo tarehe ya mtu yeyote. Kama ni lazima kidole kibaki, tafuta kitufe kinachoandikwa Lockdown kwenye menyu ya kuzimia simu. Kwenye simu nyingine lazima ukiwashe kwanza. Ukikibonyeza, kidole hakikubaliwi tena mpaka uweke nambari. Kwenye iPhone, bana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti mpaka skrini ya kuzima itokee. Na ukiona Land Cruiser ya polisi inasimama, izime kabisa. Usishindane nao kwa mikono, waache waichukue. Jina lako utawapa. Wakikuuliza nambari, sema, "Nitaongea wakili wangu akiwepo," kisha uombe maneno hayo yaandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, pamoja na saa uliyoyasema.